Masanduku ya mawe ya profesa mstaafu: yatupwe au yatunzwe?

Msomaji mmoja wa Njoro ameniandikia. Baba mkwe wake alifundisha jiolojia chuo kikuu kwa miaka mingi, akastaafu, akarudi nyumbani na masanduku lori zima. Ndani mna mawe yenye namba, madaftari, ramani zilizokunjwa na vioo vidogo vilivyobandikwa vipande vya miamba. Vitu hivyo vimejaza chumba cha nje ambacho mumewe angependa kuwapangishia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton. Mzee hataki kusikia habari hiyo. Kila asubuhi hujifungia humo, na siku nyingine huomba apelekwe Ziwa Bogoria au kwenye volkano ya Menengai. Dada huyu anauliza: vitu hivyo vina faida yoyote kwa mtu mwingine? Mzee bado anafanya kazi au anajiliwaza tu? Na kijana wake wa kidato cha nne, ambaye habanduki kwa babu yake, aifuate njia hiyo?

Dada yangu, nianze na chumba, kwa kuwa ndicho kinachowagusa mfukoni. Msikipangishe bado. Sisemi hivyo kwa kumhurumia mzee. Jiwe lililotiwa sandukuni bila mtu wa kueleza lilikotoka ni kokoto, na mtu wa kulieleza mnaye hapo nyumbani, mnakunywa naye chai. Kazi iliyobaki katika chumba hicho ni kuunganisha kila jiwe na ukurasa wa daftari na nukta ya ramani. Hakuna profesa mwingine popote anayeweza kuifanya kwa niaba yake.

Kuhusu kujiliwaza: watu wa fani hii hawastaafu kama karani anavyostaafu. Mhadhiri akiwa kazini ana masomo ya kufundisha, mitihani ya kusahihisha, vikao visivyokwisha, wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa kuwasimamia, na kambi za mafunzo ambako huongoza vijana mabondeni na milimani. Utafiti wake mwenyewe huubana kwenye likizo. Anaokota sampuli, anaziandika, anazifungia, akiamini atazirudia. Zinazidi kurundikana. Siku anapokabidhi ofisi ndipo anapopata nafasi ya kuzishughulikia, na wengi wamefanya kazi zao nzito kabisa wakati huo.

Robert Shackleton ni mfano unaotuhusu watu wa magharibi mwa Kenya. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili alikuwa mwanajiolojia wa serikali ya kikoloni hapa nchini. Alichora ramani ya ukanda wa dhahabu wa Migori, akaichunguza Rusinga, na mwaka 1951 akachapisha makala kuhusu ufa ambao Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria imelala ndani yake, tawi linalotoka Bonde la Ufa kubwa na kuelekea magharibi. Ukisimama Ahero ukatazama kaskazini, ule ukuta wa Nandi unaopanda ghafla kutoka mashamba ya mpunga ni ukingo wa ufa huo. Shackleton akawa profesa Liverpool, kisha Leeds, akastaafu mwaka 1975. Miaka kumi baadaye, mwaka 1985, akiwa na umri wa miaka 75, alikuwa miongoni mwa viongozi wa msafara wa wanajiolojia wa Uingereza na China waliovuka nyanda za juu za Tibet, kwenye mwinuko ambao vijana wenye afya huumwa kichwa. Mwaka 1996, akiwa na miaka 86, bado alikuwa akichapisha makala kuhusu mahali ambapo vipande vya bara la kale la Gondwana viligongana, swali linaloigusa miamba ya mashariki na kaskazini mwa Kenya. Mtu angeweza kumwambia mwaka 1975 apumzike. Nashukuru hakuna aliyefaulu.

Mwenzake wa zamani zaidi, John Walter Gregory, alifika hapa mwaka 1893 akiongozana na wapagazi kutoka pwani, akatembea hadi Baringo, na ndiye aliyetoa hoja kwamba bonde hili halikuchimbwa na mto, bali ardhi ilipasuka na kipande cha katikati kikazama. Jina la Bonde la Ufa linatokana na kazi yake. Alirudi tena mwaka 1919. Alistaafu uprofesa wa Glasgow mwaka 1929, na mwaka 1932, akiwa na miaka 68, alizama katika mto Urubamba nchini Peru akiwa safarini kutafiti milima ya Andes. Kisha kuna Barry Dawson, ambaye mwaka 1960 aliishuhudia volkano ya Oldoinyo Lengai huko Tanzania ikitoa lava ya magadi, lava ambayo ikipoa na kupata unyevu hugeuka nyeupe. Alifundisha vyuo kadhaa vya Uingereza, kisha mwaka 2008, akiwa amestaafu, akachapisha kitabu kikubwa kilichokusanya yote aliyoyajua kuhusu volkano za kaskazini mwa Tanzania. Kitabu cha namna hiyo hakiandikwi na mtu wa miaka 35. Kinahitaji madaftari ya nusu karne na mtu aliyeyaandika akiwa bado anakumbuka.

Nirudi kwenye namba za mawe, maana hapo ndipo penye uzito wa swali lako.

Mwaka 1932, Juma Gitau, mmoja wa wafanyakazi wa Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu, alipata kipande cha taya la binadamu huko Kanam, chini ya mlima Homa, upande wa kusini wa Ghuba ya Winam. Leakey alitangaza kwamba taya hilo ni la zamani mno. Mwaka 1935 akamwalika Percy Boswell, profesa wa jiolojia wa London, aje ajionee mwenyewe tabaka lilikotoka. Boswell alifika. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe. Vigingi vya chuma alivyoacha havikuwepo tena. Picha aliyokuwa ameitumia kuonyesha eneo hilo ilikuwa ya mahali pengine. Mvua za misimu kadhaa zilikuwa zimekwisha kula kingo za makorongo. Boswell alirudi Uingereza akaandika katika jarida la Nature kwamba ushahidi hautoshi, na jina la Leakey likachafuka kwa miaka mingi. Taya lenyewe lipo hadi leo. Kilichopotea ni mita chache za uhakika kuhusu lilipotoka, na bila mita hizo taya hilo haliwezi kubeba hoja iliyojengwa juu yake.

Na eneo lile halikuwa la kupuuzwa. Nyayanga, kwenye rasi hiyohiyo ya Homa, imetoa zana za mawe zilizochapishwa mwaka 2023, ambazo umri wake umekadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Safari hii vipande vilivyochimbuliwa vilipimwa mahali pake kabla ya kuinuliwa kutoka ardhini.

Sasa fikiria safari za mzee za Bogoria. Robin Renaut wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, Kanada, alianza kuichunguza Bogoria tangu akiwa mwanafunzi wa uzamivu, na yeye na wenzake waliandika kwa undani chemchemi za maji moto za Loburu, zile zilizokuwa zikiruka hewani kwenye ukingo wa magharibi: ipi inaruka, ipi imelala, maji yake yana chumvi gani, mawe gani yanajengeka mdomoni mwake. Kisha kuanzia miaka ya 2010 maziwa ya Bonde la Ufa yakapanda. Wewe uliye Njoro umeona Ziwa Nakuru lilivyolimeza lango kuu la mbuga. Bogoria nayo ilipanda ikafunika sehemu kubwa ya Loburu. Mtafiti wa leo anayetaka kujua chemchemi hizo zilikuwaje hawezi kwenda kuzitazama kwa sababu ziko chini ya maji. Anategemea madaftari, picha na sampuli za waliofika mapema. Kama baba mkwe wako alikuwa akienda huko kabla ya maji kupanda, basi ana kitu ambacho pesa hainunui tena.

Hata mji wenu una historia inayotegemea watu waliotembea na kupima kwa mkono. Celia Washbourn-Kamau alifuata fukwe za kale kwenye miteremko inayozunguka Nakuru na Elmenteita, na mwaka 1967 akachapisha matokeo: kama miaka 10,000 iliyopita maziwa hayo mawili yalikuwa ziwa moja, na maji yake yalisimama takriban mita 180 juu ya ziwa la leo. Kwa mwinuko huo mji wa Nakuru ungekuwa chini ya maji, na Njoro ingebaki nchi kavu. Mwaka huohuo wa 1967 ilitoka ripoti ya serikali ya Joe McCall kuhusu jiolojia ya eneo la Nakuru, na wanaopima maji ya ardhini bado wanaifungua kila wanapotaka kuchimba kisima. McCall naye, baada ya kuondoka Kenya, aligeukia vimondo, na mwaka 2006, akiwa mzee, alikuwa mmoja wa wahariri wa kitabu kikubwa kuhusu historia ya vimondo.

Kuna jambo lingine la karibu zaidi na meza yenu ya chakula. Meno ya kahawia tunayoyaona kwa watoto wengi wa Nakuru yanatokana na floridi iliyozidi katika maji. Mwaka 1993 Stephen Gaciri wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwenzake Davies walichapisha utafiti kuhusu floridi katika maji ya Kenya na jinsi inavyohusiana na miamba ya volkano. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa vinapita hapo mbali. Dayosisi Katoliki ya Nakuru imekuwa ikichuja maji kwa makaa ya mifupa kwa sababu hiyo. Wanajiolojia wengi wa chuo kikuu wamepima visima kwa ajili ya shule, makanisa na mashamba. Uliza kama mzee ana rekodi hizo: kina cha kisima, tabaka zilizopitiwa, maji yalipopatikana, majibu ya maabara. Karatasi moja ya namna hiyo kutoka Rongai au Subukia inaweza kumwokoa mkulima asichimbe mahali palepale palipokwisha kutoa maji mabaya.

Nitoe mfano mmoja wa Kisumu, nipite. Mwaka 1996 Thomas Johnson wa Minnesota na wenzake walionyesha, kwa tope lililonyonywa kwa mabomba marefu kutoka chini ya Ziwa Victoria, kwamba ziwa hilo lilikauka kabisa mwishoni mwa enzi ya barafu na kujaa tena zaidi ya miaka 14,000 iliyopita. Kwa hiyo mamia ya aina za fulu, wale samaki wadogo ambao wavuvi wa Dunga wanawajua, yangebadilika na kuachana katika muda mfupi sana, na wanabiolojia wamebishana juu ya hilo tangu hapo. Johnson na Profesa Eric Odada wa Nairobi wameshirikiana miaka mingi katika utafiti wa maziwa yetu. Tope la namna hiyo likihifadhiwa kwenye ubaridi hupimwa upya kila mbinu mpya inapopatikana, hata na watoto wa waliolichimba.

Sasa kazi yenyewe. Ingia chumbani (nitaeleza baadaye nani aingie) uchukue jiwe moja tu. Utaona doa la rangi nyeupe na namba iliyoandikwa kwa wino mweusi, tuseme BG 47. Namba hiyo lazima iwe mahali fulani katika daftari: tarehe, jina la korongo au kilima, mchoro mdogo wa ukuta wa mwamba wenye mshale unaoonyesha jiwe lilipong'olewa, na pengine jina la mchungaji aliyewaonyesha njia. Kile kioo chenye kipande cha mwamba kimekatwa kutoka jiwe hilohilo na kusagwa hadi unene wa milimita 0.03, ili mwanga upenye na madini yaonekane chini ya hadubini. Jiwe, ukurasa na kioo vyenye namba moja vipigwe picha pamoja. Vikitawanyika, thamani imekwisha. Kwa hiyo msihamishe masanduku kwa pupa, msioshe mawe, na kwa hali yoyote msiyapange upya kwa rangi au ukubwa ili chumba kipendeze. Mpangilio alioutumia mzee, hata ukionekana fujo, una maana yake.

Mahali ndipo penye mtego. Ramani za zamani za Survey of Kenya zimechorwa kwa mfumo wa kuonyesha mahali uitwao Arc 1960, na simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS84. Ukizichukua namba za daftari la mwaka 1983 ukaziingiza kwenye simu bila kuzibadilisha, utaangukia karibu mita 300 kutoka mahali penyewe. Njoro hapo ni shambani kwa mtu mwingine. Ndani ya kaldera ya Menengai, lile shimo kubwa la volkano, ni lava nyingine kabisa. Ninyi mna mtego wa pili: longitudo ya 36 Mashariki inapita kati ya Njoro na Nakuru mjini, na ndiyo mpaka wa kanda ya 36 na ya 37 za gridi ya ramani. Namba ikisomwa katika kanda isiyo yake inakutupa zaidi ya kilomita 600. Kwa kila daftari, andikeni mwanzoni: ramani ipi ilitumika, mfumo upi, kanda ipi. Mzee atajua mara moja. Mtu mwingine atakisia.

Tahadhari kidogo. Wanajiolojia hubeba vichupa vya asidi ya haidrokloriki vya kudondoshea mawe ili kuona kama yatatoa povu. Vitafuteni na mviondoe kabla ya watoto kuvifikia. Mawe ya kabonataiti, aina ya mwamba wa volkano, kutoka vilima vya Ruri kule Homa Bay, au Mrima kule Kwale, yanaweza kuwa na thoriamu, madini yenye mnururisho. Yakae stoo yenye hewa, yasiwekwe chini ya kitanda. Na mkikuta mifupa iliyogeuka mawe, au zana za kale za obsidiani (kioo cha volkano), hizo si mali ya familia wala ya profesa. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inaziweka chini ya taifa. Anzieni Makumbusho ya Hyrax Hill hapo Nakuru, mkaombe maelekezo.

Nani aingie? Kwa desturi za wengi wetu, mkaza mwana hapekui vitu vya baba mkwe, na hata mwana akiingia na karatasi za mpangaji mkononi mzee atasimama mlangoni. Mjukuu ana nafasi yake. Kati ya babu na mjukuu kuna utani na ruhusa ambazo baba hana. Kijana akae naye likizo hii, ashike simu, arekodi sauti ya mzee akieleza sampuli moja baada ya nyingine. Asimwombe asimulie maisha yake yote. Amwulize: hili ulilipata wapi, nani alikuwa nawe, kwa nini ulilibeba hili ukaacha lile? Swali hilo la mwisho linatoa mambo ambayo hayako katika daftari lolote.

Mkishapata orodha, hata ya nusu ya masanduku, mzee aiandikie idara yake ya zamani na Makumbusho ya Taifa, mwenyewe, kwa jina lake. Orodha yenye namba, mahali na tarehe hujibiwa. Barua ya kusema tuna mawe mengi nyumbani haijibiwi. Inawezekana wachukue sanduku kumi na kuwaachia mengine, na hapo chumba chenu kitakuwa kimepatikana bila ugomvi. Kama mzee amesajiliwa chini ya sheria ya wanajiolojia ya mwaka 1993, huenda akaweza pia kupima maji kwa wanaotaka kuchimba visima na kuwaandikia ripoti. Kazi hiyo ina malipo, na mkikubaliana naye inaweza kuziba pengo la kodi mliyokuwa mkiitarajia.

Kuhusu kijana: fani ina kazi hapahapa. Kampuni ya serikali ya jotoardhi, GDC, imekuwa ikichimba mvuke Menengai tangu mwaka 2011, na mtambo wa kwanza wa umeme huko, wa megawati 35, ulianza kazi mwaka 2023. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha jiolojia, na Dedan Kimathi kule Nyeri kina mafunzo ya jotoardhi. Fizikia, kemia na hesabu asizichezee. Jiografia itamsaidia kusoma ramani. Lakini asiamue kwa sababu ya mishahara ya Menengai wala kwa kumpenda babu. Aende naye siku moja kwenye korongo lolote la karibu, abebe mfuko wa mawe kuanzia asubuhi hadi jioni, achore ukuta uleule mara ya pili baada ya babu kumwambia mchoro wa kwanza hautoshi. Akirudi nyumbani na maswali, atafaa. Akirudi na malalamiko ya jua, asome kitu kingine, na hakuna atakayemlaumu.

Muanze na masanduku ya Bogoria, kisha yoyote yaliyotoka kando ya maziwa mengine yaliyopanda. Ya Menengai yanaweza kungoja hadi likizo ya Agosti.